Shuka ya Baba Zizini

Nilipokuwa mtoto, msimu mmoja wa masika nilipatwa na homa tatu, na lawama zote akatupiwa baba yangu, mtu ambaye hata sura yake siijui. Vita vya pili vya Mjerumani vilimchukua nikiwa tumboni. Baadaye karani wa mtemi alituletea karatasi, akasoma: amefia ng'ambo ya bahari, amezikwa kwenye makaburi ya askari, kwa mstari, na jiwe lenye namba.

Mama alimuuliza jambo moja tu, kwani kwetu maiti hulazwa kwa upande wake. "Wamemlaza ameelekea wapi?"

Karani akaigeuza karatasi, kana kwamba jibu limejificha nyuma. "Haikuandikwa, mama."

"Basi hujaniletea kitu," akasema mama, akaendelea kupepeta mtama. Hakunyoa nywele kama mjane, hakulia. Alingoja.

Homa ya tatu iliponilaza, bibi mzaa baba alimwita mganga. Kwetu Shinyanga mganga wa kweli hupasua kifaranga na kusoma yaliyomo ndani. Huyu akasema mwenye kaya hii amelala kwa wageni, hakuna wa kumtilia pombe ya tambiko, ndiyo maana anamwita mtoto wake. Azikwe nyumbani, zizini, kwa ngozi ya ng'ombe, kama mwanamume mwenye mji wake.

"Tuzike nini?" mama akauliza. "Mwili mnao?"

"Shuka yake ipo, unailalia," bibi akasema. "Itoe, Mama Kabula. Au unataka mumngoje wawili, wewe juu ya ardhi, mwanao chini yake?"

Niliyasikia yote nikiwa mkekani, meno yakigongana. Kufa niliogopa, lakini uso wa mama niliuogopa zaidi. Mwishowe mama akaingia ndani, akaitoa shuka, akaikunja kama anamfungia mtu safari. Wazee wakaizungushia ngozi, wakailaza zizini kwa ubavu wa kulia, kama alazwavyo mwanamume. Hapo ndipo mama alipolia, kilio cha miaka minane kwa mkupuo mmoja. Kesho yake akanyolewa. Mwezi haukuisha, baba mdogo akamrithi.

Mimi nilipona. Watu wakakisifu kifaranga.

Homa za masika nimeziona nyingi tangu hapo, nimewauguza wanangu nazo. Nyingine huondoka zenyewe bila kuzikwa mtu. Hilo sikumwambia mama mpaka anaingia kaburini. Wajukuu husema, "Bibi, mama yako alikupenda." Kwa kuitoa shuka ile, alimuua mumewe kwa mkono wake ili mimi nile ugali. Nimeula mpaka uzeeni, na asante sikuitoa, maana sikujua nimshukuru kwa kuniokoa, au nimwombe radhi kwa kupona.