Pahali pa Mama kwenye Meli ya Vita

Meli ile ilikuwa ya unga, chumvi na samaki wakavu, ikipita ziwani kati ya Kalemie na Moba. Kila mama mchuuzi alikuwa na pahali pake juu ya sitaha, na sheria yao ilikuwa moja: ukikosa safari, mwingine anapachukua. Mama yangu alikaa karibu na nguzo ya mbele tangu sijazaliwa. Pale moshi wa injini haufiki.

Vita ilipoingia Moba, mama alikuwa kitandani na malaria. Akanituma nimkalie pahali pake, mimi niliyeona haya hata kuomba maji kwa jirani.

Tulikuwa tumekwisha kupakia mizigo huku Kalemie, askari wakafika bandarini. Walisema meli sasa ni ya jeshi, kila mtu ashuke na mzigo wake. Wamama walitukana kidogo, wakashuka. Mimi nilibaki. Askari wawili wakaja na bunduki kubwa ya miguu mitatu, wakitaka kuifunga hapo hapo nilipoketi.

"Sitwayene, ondoka," akasema mmoja, akiniita mwananchi kwa Kifaransa chao.

"Hapa njo pa mama yangu."

Mwenzake akauliza kama basi mama yangu ndiye atakayeipiga hiyo bunduki. Nikakumbatia nguzo. Wakaninasua vidole, wakanibeba pamoja na mkeka wangu, wakanitua gatini kati ya magunia. Wamama wakacheka. Sikulia.

Meli ilirudishwa baada ya wiki nyingi, imepakwa rangi ya kijivu, na mbao za pahali petu zimetobolewa kwa skrubu. Mama bado alikuwa dhaifu, kwa hiyo nilikwenda mimi tena. Nikamkuta mama mmoja wa chumvi amekwisha kupanga magunia yake pale. Alisema meli ilikwenda Moba bila sisi, na sheria ninaijua.

"Mama, wewe ulishuka kwa miguu yako," nikamwambia mbele ya wote. "Mimi nilibebwa."

Kisha mmoja wa wale waliocheka gatini akasema kama safari ile inahesabiwa, hakuna hata mmoja wao mwenye pahali tena, yeye mwenye chumvi wa kwanza.

Mama wa chumvi akavuta gunia moja, halafu la pili, akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana heshima. Sikumsaidia. Niliziba matundu kwa matambara ili unga usivuje, nikatandika mkeka juu yake, nikaketi.