Chokaa ya Mama

Juzi mukwe wangu, bibi ya mutoto wangu, alitaka kupakaza chokaa kwenye ukuta wa nyumba yangu hapa Kampemba, kwa sababu bageni ba ubatizo balikuwa banakuja. Niliposikia tu ile harufu ya chokaa inayolowana ndani ya ndoo, nilimunyanganya burashi. Alinuna. Acha anune. Hii nyumba niliijenga mimi mwenyewe kwa kuuza samaki za Kasenga, mwanamuke aliyesoma miaka miwili tu, na ndani yake ufa unabaki wazi mupaka fundi aushike. Ninyi munaosoma, nitabaambia sababu.

Tuliishi ndani ya kambi ya bafanyakazi, Elisabethville, ndiyo jina ya zamani ya huu muji, katika nyumba ya matofali iliyojengwa zamani, mbele ya mimi kuzaliwa. Leo bantu banasema nyumba za wakati ule zilikuwa za nguvu. Nguvu wapi? Matofali yalishikana kwa potopoto, bila simenti. Wakati wa mvua ukuta ulikunywa maji toka chini, chumvi ikatoka juu ya tofali. Muchwa ilikula mbao za dirisha mupaka ukizigonga zinalia kama ngoma. Mara mbili tulikuta nyoka amelala ndani ya sufuria, ametulia kuliko sisi benye nyumba. Mudogo yangu Ilunga alitandikiwa mukeka kando ya ukuta wa nyuma, ule wenye ufa wa kuingiza mukono wangu wote, kwa sababu fasi ingine yote ilivuja.

Baba alienda biro ya kambi mara tatu kuomba batengeneze ule ukuta. Mara ya tatu balimuambia muzungu anayesimamia nyumba atakuja kuangalia.

Sasa sikiliza kosa letu. Kila mwaka, mvua ikikaribia, bazungu balipita nyumba kwa nyumba, na mwanamuke mwenye nyumba safi kupita zote alipewa bulangeti. Mwenye nyumba chafu alitajwa jina mbele ya banamuke bote. Kwa hiyo Mama hakusikia kama ni ukuta utakaoangaliwa. Alisikia muzungu anakuja.

"Ngoie," aliniambia, "muzungu hawezi kuingia kwangu aone tundu kama mulango wa panya. Lete udongo ya kisugulu."

Kisugulu ni kile kilima cha muchwa. Udongo yake inashika kama gundi. Nilibeba ndoo ine. Tuliziba ufa, tukalainisha kwa mukono, tukapakaza chokaa mara mbili. Nilikuwa na miaka nane, na hakuna kazi niliyoipenda kama ile.

Muzungu alikuja. Alipiga ukuta kwa kiganja, pa, pa.

"Mama, nyumba yako iko propre, safi kabisa. Ukuta gani mubaya? Miye naona muzuri tu."

Aliandika kwenye karatasi yake. Mama alicheka, mukono kinywani. Baba alisimama pale na kofia mukononi, akiangalia chini. Kiisha siku chache bulangeti ya nyumba safi ikaja, nyekundu, na mistari myeusi. Jirani aliyekuwa hamupendi alimutupia neno: "Mama Ngoie, sasa utalala kama bibi ya muzungu." Mama hakukasirika hata.

Mwezi wa pili wa mvua, saa tisa ya muchana, Ilunga alikuwa analala na homa. Mimi nilikuwa inje. Nilisikia kitu kama gunia la mahindi limeanguka. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umelala juu yake. Alikuwa na miaka ine. Tulimuzika ndani ya ile bulangeti, kwani nyumbani hamukuwa ingine nzima.

Baba alirudi biro. Balimuonyesha karatasi: ukuta, muzuri.

Miaka mingi nilimuchukia Mama kwa ile chokaa, na sikumuficha. Alikufa bado ninamuchukia. Nilielewa siku nyumba yangu mwenyewe ilipopata ufa wa kwanza. Baba alijua. Neno lake moja kwa muzungu lingetosha: Bwana, gonga hapa chini. Lakini Mama alikuwa anasifiwa na muzungu mara ya kwanza katika maisha yake, na Baba akamuachia ile furaha.

Na mimi nilisimama kando ya Baba, mikono bado myeupe. Nilijua pia. Nilikuwa ninangojea muzungu aulize nani alipakaza, anisifu na mimi.