Mtafsiri Aliyeificha Filamu

Nilipopigiwa simu hapa Arua kwamba yule mtafsiri wa filamu wa Koboko amefariki, nilichouliza kwanza ni, "Nani kasema?" Mnaonisoma mnanijua: hata pole za watu nazikagua. Na marehemu huyu nilikuwa na sababu ya kumshuku. Kwa miaka mingi alishika kipaza sauti katika kibanda chake cha video, akiwafasiria wasiojua Kiingereza tamthilia ndefu ya wasafiri wa anga. Nahodha wao yeye alimwita afande. Kila sayari waliyotua aliiita "Kongo ingine", na kwa kuwa Kongo yenyewe iko pale ng'ambo ya mpaka tu, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Siku ya sehemu ya mwisho nilikuwemo, na Kiingereza changu si haba. Nahodha alikufa, akazikwa kabisa. Mtafsiri wetu akatangaza bila kupepesa: "Afande hapana kufa! Iko Kongo ingine, atarudi!" Kibanda kizima kikashangilia. Mbele yangu aliketi mama mmoja Mkongo, mchuuzi wa vitenge, ambaye mumewe alirudi kwao wakati wa vita na hakuonekana tena. Alikuwa akifuta machozi huku anacheka. Mimi nilitoka nimenuna.

Mwaka jana tamthilia ikafufuliwa kwa filamu ya televisheni. Inaanza kwenye kaburi la nahodha, kisha nahodha anarudi mzima, kwa sura ya mwigizaji mwingine. Nikaenda Koboko mbio nione mwongo atajiteteaje. Nikamkuta anaonyesha ndondi. Filamu alikuwa nayo, kaifungia sandukuni. "Hii sionyeshi," akasema. "Mutu alikufa. Hawa wanamurudisha kwa nini?" Njia ya mwongo ni fupi, nikasema moyoni, anaogopa kaburi lile litamuumbua mbele ya watazamaji wake. Nikarudi Arua, nikamsimanga hapahapa kwenye safu hii. Wengi wenu mlicheka.

Baada ya mazishi kule Lobule, karibu na Koboko, mama yule wa vitenge alinijia. "Ni wewe uliandika?" Nikakubali. "Basi sikia. Mbele ya hiyo filamu kufika, alikuya kwangu. Akasema, 'Mama, afande alikufa. Nilikudanganya sababu niliona unalia. Na bwana yako, usimungoje tena.' Nililia siku mbili, kisha nikamufanyia bwana yangu matanga. Kama ningeona ule afande anarudi, ningeanza kungoja tena. Hiyo njo sababu aliificha."

Niliona haya, na bado ninayo ninapoandika. Mwongo wangu alikwenda kwa miguu yake mpaka mlangoni pa mama aliyemdanganya, akaufuta uongo wake uso kwa uso. Mimi nilimsingizia mbele yenu nyote, na wakati wanamfukia nilikuwa bado sijamwomba radhi. Mshuku mtu upendavyo, msomaji wangu, lakini muulize angali anaweza kukujibu.