Simu za Ijumaa

Kwa miaka kumi na tisa, kila Ijumaa, afisa ajira wetu aliwapigia simu wote walioomba kazi kwetu wakakosa. "Pole, mwanangu, safari hii haikuwa riziki yako." Wengine walilia, wengine walimtukana matusi ya nguoni. Yeye alisema tusi nalo ni mazungumzo. Tangu mkewe afariki, nyumbani anajibiwa na redio tu.

Siku hizi mashine, isiyojua hata kusema pole, inasoma barua za maombi na kuwajibu wote kabla chai haijapoa. Ijumaa iliyopita mzee alishindwa kuvumilia, akampigia mmoja.

"Pole, mwanangu, hukupata."

"Najua, mzee. Meseji ilikuja jana. Siku njema."

Simu ikakatwa. Mzee akabaki nayo sikioni, akisubiri angalau atukanwe.