Siku Tuliyomgawana Fahali wa Mzee Magesa

Jirani yangu hapa Bunda alipaka geti lake rangi nyeusi wiki iliyopita, ile nzito inayonuka lami na mafuta ya taa, nami nikashindwa kula chakula cha mchana. Nilimwambia mume wangu kichwa kinaniuma. Uongo mtupu. Harufu ile ilinirudisha kwetu Makoko, kule Musoma, chini ya pikapu ya Baba, nina miaka kumi, nimelala chali juu ya gunia na brashi mkononi. Mume wangu sijamwambia mpaka leo. Nyinyi nitawaambia, kwa sababu hamnijui.

Pikapu ile haikuwa kubwa kama zile za mashirika, wala ndogo kama zile za kusambazia mikate. Ilikuwa ya katikati. Ilibeba magunia ya dagaa nyuma na watu watatu mbele, na kwenye matope ya kuingia Butiama ilipita wakati malori yamelala ubavu. Jina lake la kiwandani wenye nayo hawakulitumia. Waliiita Fahali, na walimsema kama mnyama kweli: Fahali wangu leo kachoka, Fahali wako mbona anakohoa. Mama alikuwaga anasema kama Baba angemwangalia yeye namna anavyomwangalia Fahali, angekuwa ameshanenepa.

Siku moja Baba alirudi kutoka Bunda bila bushi alizokwenda kununua. Muuza spea alikuwa amemwambia kiwanda kimeacha kutengeneza gari lile. Si kwamba bushi zimekwisha mpaka mzigo mwingine. Gari lenyewe limekoma, halitatengenezwa tena. Baba alikaa kwenye ngazi ya jikoni, viatu hajavua, na ugali ukapoa mbele yake. Mama akamuuliza nani amekufa.

Msicheke. Wenye Fahali walikuwa sita, kuanzia Musoma mpaka Bunda, na wote waliipokea habari ile kama watu waliofiwa. Mwalimu mmoja wa Buhare aliwaandikia wenye kiwanda barua ya Kiingereza, kurasa tatu, akiwauliza kosa letu ni nini, kisha kila Ijumaa akawa anapita posta kuulizia majibu. Mwingine alikataa kuamini, akasema huo ni uzushi wa wauza magari mapya. Nilikuwa mtoto lakini hasira yao niliielewa. Gari lililowasomeshea watoto, likabeba maharusi wao na maiti zao, mtu asiyewajua ameamua basi, limetosha, na hakuna aliyewauliza.

Ndipo Mzee Magesa akaja na shauri. Huyu alikuwa mkulima wa pamba wa Butiama, mrefu, mwenye utani mwingi, na mkewe tulimwita Mama Magesa. Mama Magesa alikuwa anavimba miguu, na kila Jumanne alitakiwa afike hospitali ya Bunda, kwa hiyo Fahali wa Butiama alikuwa na kazi isiyosubiri. Mzee alisema kwa kuwa hawatazaliwa wengine, tufanye kama tunavyofanya na ng'ombe. Anayefikia mwisho achinjwe, kila mtu apate fungu lake, ili waliobaki waendelee kutembea. Wote wakakubali.

Kulikuwa na sharti moja, na hilo ndilo lililotuponza. Kwetu huingii zizini mwa mwenzako ukamkagua ng'ombe wake meno na kwato mbele za watu. Ni kumtukana. Mwenye ng'ombe ndiye anayesema ng'ombe wake anaumwa nini, na neno lake linatosha. Basi wakakubaliana kwamba hata kwa Fahali, hakuna mtu kuingia chini ya gari la mwenzake na tochi. Mwenyewe atasema.

Haukupita muda mrefu, giaboksi yetu ikafa. Wiki mbili baadaye injini ya Mzee Magesa nayo ikafa. Mtoto yeyote angeona kwamba magari mawili mabovu yanatoa moja zima. Swali lilikuwa lipi lichinjwe. Fundi wao wa Kiabakari, ambaye banda lake ndiko wote walikokutana, alisema injini inahamishika, giaboksi inahamishika, lakini chasisi ndiyo uti wa mgongo. Mwenye chasisi nzima ndiye atabaki na gari.

Chasisi yetu ilikuwa imepasuka. Ufa ulikuwa nyuma ya kabini, upande wa dereva, kucha yangu iliingia. Baba alijua, na mimi nilijua, kwa sababu Jumapili ile baada ya ibada alinivua gauni la kanisani, akanivika shati lake kuukuu, akaniita chini ya gari. Mkono wake ulikuwa mnene, haukupita pale. Wangu ulipita. Yeye alikuwa ameshaziba ufa kwa mastiki aliyoisukuma kwa kijiti, mimi nikapaka rangi juu yake, mkono wa kwanza, mkono wa pili, na ilipokauka nikapaka tena. Aliniambia tunaipaka isishike kutu. Nilimwamini nusu. Ile nusu nyingine nilifurahi, niwaambie ukweli, kwa sababu nilimpenda Fahali wetu, na Baba hakuwahi kuniita kwenye kazi yoyote isipokuwa ile.

Tulikwenda Kiabakari tukivutwa kwa kamba na Fahali wa mwalimu. Wazee walikaa kwenye benchi, wakaanza kusema. Mzee Magesa alisema chasisi yake ina kutu kidogo kwa nyuma, hatari haoni, ila ameona awaambie. Baba akasema yake ni nzima. Alisema akiangalia mikono yake. Mzee Magesa akanigeukia, maana alipenda kunitania, akaniuliza, "Nyangeta, mama, wewe ndiye mwenye gari. Chasisi yenu iko salama?"

"Iko salama, babu," nikasema.

Wakacheka wote, wakaninunulia soda. Niliinywa mpaka mwisho.

Wakamchinja Fahali wa Mzee Magesa mchana ule ule. Giaboksi ikawa fungu letu, milango ikaenda Buhare kwa mwalimu, na matairi, taa, kioo, kila kitu kikapata mwenyewe, kama nyama ya sherehe inavyoondoka na kila ukoo. Mzee aliwapa mgongo wakati wote huo, akawa anaongea na Baba kuhusu Jumanne. Walikubaliana kwamba Baba akipeleka dagaa Bunda atapitia Butiama kumchukua Mama Magesa, kwa kuwa sasa Fahali ni mmoja wa nyumba mbili. Baba alisema hilo asiwe na wasiwasi nalo.

Na kweli tulimpitia, Jumanne saba. Zile za mwisho nilikuwa likizo na nilikaa katikati yao, nimebanwa na khanga za Mama Magesa zilizonuka sabuni ya kipande. Alikuwa na tabia ya kumshukuru Baba kila tulipovuka daraja. Baba alikohoa tu.

Jumanne ya nane, karibu na Kiabakari, kulikuwa na shimo ambalo Baba alilipita siku zote. Fahali alitoa mlio mmoja tu, akakatika nyuma ya kabini. Hatukuumia. Mama Magesa alishuka mwenyewe, akakaa juu ya jiwe na miguu yake ile, akaanza kuokota dagaa zilizomwagika ili zisikanyagwe. Fundi alikuja na Mzee Magesa akaletwa kwa pikipiki. Wote wawili waliinama kwenye mpasuko kwa muda, wakainuka. Mzee aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana, akanifuta vumbi usoni kwa kiganja. Nikasema moyoni, asante Mungu, hajaona.

Baada ya hapo Mama Magesa alijaribu basi, akashindwa ngazi zake. Pikipiki hakuiweza. Jumanne akawa anaruka moja, mbili, halafu akaacha kwenda kabisa. Mvua zilipoanza tulikwenda Butiama kumzika. Baba alichimba kaburi kuliko vijana wote, mpaka wakamnyang'anya jembe.

Mzee Magesa alikuwa bado anakuja kwetu Makoko. Hilo ndilo lililonishangaza kwa miaka. Alipanda mabasi mawili kuja kukaa kwenye kiti cha uani, akauliza habari za ziwa, bei ya dagaa, shule yangu, halafu akasema, "Nilipita tu. Nikasema labda mna neno." Baba alimjibu vilevile kila mara, kwamba neno hatuna, mzee, tupo tu. Mama alidhani ni upweke wa mtu aliyefiwa, akawa anamfungia samaki. Mimi nilikuwa naletaga maji ya kunawa. Aliniangalia nikimmiminia, na mimi niliangalia maji.

Baba alifariki mwaka juzi. Mzee Magesa alikuja msibani na fimbo, amepungua, meno mawili tu mbele. Nilikaa naye, nikampa chai. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba yako hakukuachia neno langu?"

Nikasema, "Hapana, babu." Akaitikia kwa kichwa, akamaliza chai, akanipa pole, akaondoka kuwahi basi.

Fundi wa Kiabakari alikuwa amekaa nyuma yetu. Akasogea, akanieleza kitu ambacho alidhani ninakijua. Siku ile barabarani, Mzee Magesa aliingiza kidole kwenye mpasuko, akakitoa na vipande vya mastiki na rangi nyeusi vilivyokuwa ndani kabisa ya ufa. Chuma kikikatika leo hakiwezi kuwa na rangi ndani. Fundi alitaka kumkamata Baba shati hapohapo. Mzee alifuta kidole kwenye nyasi, akamwambia, "Niachie. Mwenyewe atasema."

Kumbe alikuwa hapiti tu. Alikuwa akitupa nafasi, miaka yote ile, mabasi mawili kuja na mawili kurudi. Mtu aliyepoteza gari kwa sababu alisema ukweli kuhusu kutu kidogo, akampoteza na mke, hakutaka gari wala fidia. Alitaka tuseme. Nami nilikuwa nikidhani anayengojewa ni Baba peke yake, ilhali aliyeulizwa kwa jina mbele ya wazee ni mimi, na mkono uliopaka ulikuwa wangu.

Mzee Magesa yupo hai. Kutoka hapa Bunda mpaka kwake hata saa nzima haifiki. Mwaka huu nimeendesha mara mbili hadi Kiabakari, penye kona ya kuingilia Butiama, nikawasha taa ya kukata kona, nikaiacha iwake. Mara zote mbili nimegeuza gari.