Chupa Zilizoelea kwa Mama Nshobole

Mama Nshobole na mumewe, Papa Wenceslas, walisimulia haya Jumamosi iliyopita, nje ya nyumba yao Birere, jijini Goma, wakipokezana maneno na kucheka.

Ni Jumanne, saa mbili asubuhi. Mama Nshobole anarudi kutoka misani, anakuta magunia yake kumi na moja ya plastiki yameshonwa midomo. Ana miaka hamsini na miwili, na mitatu iliyopita ameishi kwa kuchambua plastiki. Karakana inayoyeyusha bidoni, yaani madumu, kuukuu kuwa mabeseni imemrudishia mzigo mara mbili: chupa za maji zilichanganyika humo, mabeseni yakatoka na madonge. Mara ya tatu, walisema, gari halitapita tena kwake. Na gari linakuja saa sita.

"Nimekusaidia, mama," anasema Papa Wenceslas, karani mstaafu. "Nimefuata vile unasemaka: yenye inaelea ni bidoni, yenye inazama ni chupa. Zote zimeelea."

Mkewe anafumua gunia moja. Bidoni zimo, na chupa nzima-nzima zimo, vifuniko vyake, bushoni, vimekazwa.

"Papa, hizi umezipima na bushoni yake?"

"Nitoe bushoni ya nini?"

"Yenye inaelea ni pumzi. Hata wewe nikikufunga mudomo utaelea."

Anakata kipande cha chupa, anakitia majini. Kinazama mpaka chini. Papa Wenceslas anakiopoa.

"Miaka makumi mbili na nane ndani ya mafaili," anasema, "na chupa imenishinda."

Wanamwaga yote chini. Maji yatawachelewesha, kwa hiyo Mama Nshobole anatumia vidole: chupa ikibanwa inalia kwarakwara, bidoni inabonyea kimya. Mwenye shaka apindue kitu, aangalie kitako. Namba moja ndani ya pembetatu ni chupa, mbili ni bidoni, tano mara nyingi ni bakuli au kiti.

Saa sita na robo, Birindwa, dereva wa karakana, anazamisha mkono mpaka kwapani ndani ya gunia, kisha jingine. Anapakia saba.

"Na haya mane?"

"Ya chupa. Iko na mutu wake mwenye anayanunuaka."

"Basi, Jumanne ijayo nitapita tena."

Sasa, masimulizi yakiisha, Mama Nshobole anataka kila jirani aweke magunia mawili mlangoni. "Na bushoni pembeni," anaongeza, akijilaza mkekani. Usingizi unamchukua hapo hapo.

Papa Wenceslas anapindua ndoo: mbili. Anapindua bakuli la chumvi: tano. Anainama kutafuta namba chini ya kiti alichokikalia, haioni, anaamua atasimama baadaye. Kidevu kinashuka kifuani, naye analala.