Uwanja Uliolimwa Bila Kipa

Timu yetu ya Nyakabere haikuwahi kuwa na uwanja wake. Tulichezea shamba la mjane mmoja, mama wa kipa wetu. Akishavuna mahindi tulisawazisha matuta, tukasimamisha milingoti ya mikaratusi, tukacheza kiangazi kizima. Mvua ya kwanza ikinyesha, mpira umekwisha: wachezaji walewale tulirudi na majembe kumlimia. Kipa ndiye aliyeng'oa milingoti, wala hakuruhusu mwingine aiguse. Mimi, beki wake, nilimwona ana maringo ya bure.

Kisha vita vikashuka bondeni. Wengi tulikimbilia Uvira, tukajibana kwa ndugu zetu wa mtaa wa Songo. Kipa alionekana mara ya mwisho akielekea mto Ruzizi, avuke kwenda Burundi. Sisi tulirudi, yeye hakurudi, na simu yake haikupatikana tena.

Mvua ilipoanza tulikwenda na majembe, wachache, hatukutosha hata nusu ya timu. Milingoti ya goli moja ilikuwa imechomwa kuni na waliopita. Ya goli la pili ilikuwa ingali imesimama. Mama yake alitungoja katikati ya shamba.

"Murudie nyumbani, batoto yangu. Minye sitalima mwaka hii. Siku atarudia, atachezea wapi?"

"Na weye Mama, utakula nini?"

"Hiyo iko mambo yangu."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mwanawe, hata mvua ile iliyokuja kwa wakati wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Ghala lake lilikuwa limeporwa lote. Nikapiga jembe bila ruhusa yake, na wenzangu wakafuata. Alilia, akatutukana kwa Kirundi, hatukuacha. Tulipolikaribia goli akaja akasimama kati ya milingoti, ameushika mmoja kwa mikono miwili. Hapo nikageuza jembe.

Sasa mahindi yamenifika kifuani. Atakula, namshukuru Mungu. Golini hakujaota kitu, kwa sababu kila asubuhi anakwenda kupang'olea magugu.

Jumapili alinisimamisha baada ya misa.

"Mulishapata kipa mwingine?"

"Hapana, Mama. Nafasi yake iko."

Akafurahi, akanishika mkono. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba timu yenyewe haipo tena.